Dada Kasema Hayupo

Tarehe 18 Februari 2013, Waziri wa Elimu wa wakati huo, Dkt. Shukuru Kawambwa, alitangaza matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, na nchi nzima ikashika kichwa. Watahiniwa zaidi ya 240,000 walikuwa wamepata sifuri. Katika kila wanafunzi kumi, sita walitoka patupu. Magazeti hayakuwa na habari nyingine, wabunge walikuja juu, wazazi walipiga simu redioni wakiuliza ada zao zimekwenda wapi. Mimi na shoga yangu tulikuwa miongoni mwa hao sita. Ajabu ni kwamba majuma yaliyofuata tulipendana kuliko wakati mwingine wowote.

Waswahili husema kifo cha wengi harusi. Gongo la Mboto nzima ilikuwa imefeli. Shule yetu ilikuwa ya kata, mojawapo ya zile zilizojengwa mbiombio katikati ya miaka ya 2000 kwa michango ya wananchi. Madarasa yalitangulia, walimu wakaja baadaye mmoja mmoja, na wa fizikia hakuja kabisa. Nani angemnyooshea nani kidole? Jirani aliyetaka kumcheka mtoto wa mwenzake alikuwa na wake ndani, naye ana sifuri. Tulikaa kwenye baraza la nyumba yao tukimenya mihogo ambayo mama yake aliikaanga jioni na kuiuza kituoni, tukiichambua Tume ya Profesa Sifuni Mchome, aliyoiunda Waziri Mkuu Pinda kuchunguza matokeo yale, utadhani tumo ndani yake. Tulikubaliana kwamba tutarisiti wote, kituo kimoja, mwaka ule ule.

Kwa nini nasema tulipendana? Kwa sababu nilikuwa na umri ambao rafiki ndiye mtu wa kwanza uliyemchagua mwenyewe. Mama, baba, kaka, shangazi, hao wote nilipewa. Yeye nilimchagua, naye alinichagua, kidato cha kwanza, siku ambayo konda wa daladala alisimama mlangoni akasema, "Mwanafunzi mmoja tu." Aliyesomea Dar es Salaam anaijua sentensi hiyo. Mwanafunzi analipa nauli pungufu, kwa hiyo konda anawahesabu kama hasara, na mkiwa wawili kituoni lazima mmoja abaki. Yeye alikuwa ameshatia mguu ndani. Aliniangalia, hata jina langu hakuwa analijua, akashuka. "Basi tunabaki wote," akasema. Tulichelewa, tukachapwa, na tangu siku ile ikawa ndiyo sheria yetu: tunapanda wote au tunabaki wote. Tulibaki mara nyingi. Maongezi yetu mazuri kuliko yote tuliyafanya pembeni mwa Barabara ya Pugu, jua la saa tisa likiwa utosini, tukisubiri konda mwenye huruma.

Kisha ukaja usiku wa mabomu.

Jumatano, tarehe 16 Februari 2011, tulikuwa kidato cha tatu. Nilikuwa kwao tukiandika kazi ya Jiografia kwa taa ya chemli, umeme umekatika. Mshindo wa kwanza ulipopiga, mama yake alinyanyua kichwa akasema neno moja tu: "Mbagala." Kila mtu aliikumbuka Mbagala, tarehe 29 Aprili 2009, ghala la silaha la jeshi lilipolipuka na kuua watu. Sasa ilikuwa zamu ya kambi ya kwetu. Mbingu ilikuwa nyekundu, bati za nyumba zikitetemeka, vipande vya mabomu vikianguka mitaa ambayo haikupakana hata na ukuta wa kambi. Mama yule alimbeba mdogo wao wa mwisho mgongoni. Akachukua kanga, ncha moja akaifunga kwenye kifundo cha mkono wa binti yake, ncha ya pili kwenye wangu, akakaza kwa meno. "Mkiachana nitawaua mimi kabla ya mabomu," akasema, tukatoka.

Wengine walikimbilia Pugu, Chanika, hadi misitu ya Kisarawe. Sisi tulifuata umati ulioelekea mjini. Watu walikimbia na nguo za kulalia, wazee wakisukumwa kwenye mikokoteni, akina mama wakiita majina ya watoto gizani na watoto wasio wao wakiitika. Uwanja wa ndege ulifungwa. Alfajiri ilitukutia Tazara, tumekaa juu ya ukingo wa barabara, kanga bado ipo mikononi. Watu zaidi ya 20 walikufa katika milipuko ile, mamia walijeruhiwa na maelfu hawakuwa na pa kulala. Watoto waliopotezana na wazazi wao walikusanywa Uwanja wa Uhuru, na ndiko mama yangu alikonikuta mchana wake, baada ya kuzunguka Amana na Temeke akinitafuta hospitalini. Mama wa rafiki yangu alinikabidhi kwake kwa mkono. "Mwanao huyu, sikumwachia." Tangu siku hiyo mama zetu wakawa ndugu, na mimi nikawa na nyumba mbili.

Hayo nimeyasema ili msomaji apime uzito wa kilichovunjika. Watu wazima wakisikia urafiki wa wasichana wa shule wanafikiria kusukana nywele na kubadilishana vibanio. Vilikuwepo. Lakini kulikuwepo pia kanga ile.

Tarehe 3 Mei 2013, Serikali ilitangaza bungeni Dodoma, kwa kinywa cha Waziri William Lukuvi, kwamba matokeo yale yamefutwa. Tume ilikuwa imebaini kwamba madaraja yalipangwa kwa utaratibu mpya, tofauti na uliotumika miaka ya nyuma, basi yatakokotolewa upya kwa utaratibu wa zamani. Mtaani kwetu watu walishangilia. Hatukufanya mtihani mwingine, hatukuongeza jibu hata moja. Karatasi zilikuwa zile zile tulizoandika Oktoba, ila sasa zingepimwa kwa kipimo kingine. Mwishoni mwa mwezi yakatoka. Waliofaulu walipanda kutoka kama theluthi moja hadi asilimia 43. Serikali ilikuwa imetenda haki, na sina neno juu ya hilo. Ninachotaka kusema ni kwamba mstari uliosogezwa ili kuwaokoa wengine ulipita katikati yetu sisi wawili.

Tulikwenda pamoja kwenye intaneti kafe, Ukonga Mombasa. Ukurasa ulikuwa unagoma kufunguka, kafe imejaa, kijana mwenye kompyuta anawafokea watu wasimpumulie shingoni. Orodha haikuwa na majina, ilikuwa na namba za mtihani, lakini kila mmoja wetu alikuwa na namba ya mwenzake kichwani kama yake. Yangu ilitangulia. Daraja la nne. Nilikuwa nimepata alama ya D kwenye masomo ambayo Februari yalikuwa F. Kijana akashusha ukurasa kidogo. Namba ya rafiki yangu, jinsia F, pointi, kisha 0. Masomo yamepangwa kwenye mstari mmoja mrefu: Uraia F, Historia F, Jiografia F, Kiswahili D. Kiswahili peke yake. Aliusoma mstari ule mpaka mwisho akarudia tena, akalipa pesa yake na yangu, akasema, "Hongera, shoga."

Hakuna ubaya wowote katika neno hilo, na alilisema kwa moyo. Nalikumbuka kwa sababu lilikuwa karibu la mwisho.

Tulipofika kwao mama yake alikuwa ameinamia karai. Akauliza bila kugeuka. Rafiki yangu hakujibu. Akaniangalia mimi, nami nikajibu kwa sauti ndogo. Mama akasimama. Naomba nimtendee haki mama huyu: alikuwa ameamka saa kumi alfajiri miaka minne mfululizo kwenda kuchukua mihogo, na ada na twisheni zote zilitoka kwenye karai lile. Alichoka. Akasema, "Mwenzio kafaulu. Mmekwenda shule moja, twisheni moja, mmekula mihogo hii hii. Wewe kichwa chako kina nini?" Akaendelea. Akanitaja mimi kwa jina, akasema laiti angezaa mtoto kama mimi. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sikuwa na pa kwenda, kwa kuwa kuondoka kungekuwa kumkimbia rafiki yangu, na kubaki kulikuwa kumwongezea aibu. Yeye aliinamisha kichwa, akavua viatu, akapita chumbani.

Siku ya pili nilipiga hodi, nikaambiwa amelala. Siku iliyofuata alitoka mdogo wake, yule aliyebebwa mgongoni usiku wa mabomu, sasa ana umri wa kwenda chekechea. Akasimama mbele yangu amenyooka, kama mtoto aliyetumwa na anayetaka kufikisha ujumbe vizuri. "Dada kasema hayupo."

Nilirudi tena, na tena. Simu ilikuwa inaita bila kupokelewa, baadaye ikawa haipatikani. Juma lililofuata yule mdogo wake akaja kwetu na mfuko wa rambo. Ndani mlikuwa na madaftari yangu ya Jiografia na Historia, sweta langu, vibanio, kalamu nyekundu ambayo hata nilikuwa nimeisahau. Kila kitu kimekunjwa vizuri, sweta limefuliwa. Chini kabisa palikuwa na picha. Tulikuwa tumepiga picha studio siku ya mahafali, nyuma yetu pazia lililochorwa maporomoko ya maji, tumeshikana mikono, na tulitoa nakala mbili, kila mtu ya kwake. Alinirudishia nakala yake.

Nililia kwa sauti ambayo mama alidhani kuna msiba. Nilipomweleza, alipumua, akarudi jikoni. "Mambo ya watoto hayo. Mtapatana tu."

Hatukupatana. Na kwa miaka mingi nimekuwa nikilifikiria jibu lile la mama, ambaye si mtu mgumu wa moyo, na ambaye angelisikia ndoa ya jirani imevunjika angevaa kanga yake akaenda. Ndoa ikiyumba, mshenga huitwa, wazee hukaa, kila upande hueleza, na hata wakishindwa kusuluhisha, wanaoachana wanajua kwamba watu walikaa. Ndugu wakigombana kuna shangazi. Wapangaji wakigombana kuna mjumbe wa nyumba kumi. Rafiki wawili wa miaka 17 wakiachana hakuna anayekaa. Mtoto anatarajiwa kula chakula cha usiku kama kawaida.

Nasikitika kwa sababu hatukuwa hivi. Wazee wetu walikuwa na kuchanjiana: watu wawili wasio wa damu moja wanachanjwa, wanaapa mbele ya mashahidi, na tangu hapo wana haki na wajibu kwa kila mmoja kama ndugu wa tumbo moja. Misafara iliyotoka bara kwenda pwani, ikipita Uzaramo huku huku tunakoishi, iliheshimu mambo hayo. Urafiki ulikuwa jambo la watu wazima, una masharti, una mashahidi, na anayeuvunja anaulizwa. Sisi tumebaki na urafiki usio na shahidi hata mmoja, halafu tunashangaa unavyokufa kimya kimya.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba rafiki yangu hakunichukia. Nilikwenda chuo kusomea uhazili, nikawa napanda daladala ya Posta peke yangu, na mwanzoni nilimjengea chuki ili nisiumie: nikasema ana wivu. Marafiki wapya wa chuoni walinisaidia kuusema huo wivu. Ni maelezo rahisi na watu huyapenda, yanamweka mfaulu mahali pazuri. Lakini wivu haufui sweta. Aliyefua sweta lile, akalikunja, akapanga vibanio juu ya daftari, alikuwa anaaga mtu anayempenda. Nilichogundua ni kwamba kila aliponiona alisikia sauti ya mama yake. Mimi niligeuzwa fimbo. Sikuishika mimi fimbo hiyo, na wala sikuombwa ruhusa, ila nilitumika, na mtu hawezi kukaa kivulini na fimbo aliyochapiwa, hata kama jana ilikuwa rafiki yake.

Hiyo ndiyo hukumu yangu baada ya miaka yote hii, na naisema nikijua wapo watakaoudhika. Urafiki mwingi wa vijana wetu hauvunjwi na vijana. Unavunjwa sebuleni, na watu wazima wenye nia njema, kwa kulinganisha. "Mbona mwenzio?" Mzazi anadhani anamtia mtoto ari. Mtoto anachosikia ni kwamba ili apumzike nyumbani kwao, yule mwenzake lazima asiwepo. Naye, kwa kuwa hana uwezo wa kumfukuza mzazi, anamfukuza rafiki.

Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza wanafunzi bora na shule bora kitaifa. Kulikuwa na kelele. Wengine walisema tunaua ushindani. Mimi nilifurahi, ingawa orodha iliyotuumiza sisi haikuwa ile ya kumi bora. Ilikuwa orodha ya watu wawili tu, na ilisomwa kando ya karai. Baraza haliwezi kuifuta hiyo.

Tulionana tena, kwenye msiba wa mama yake. Nilipata habari kupitia mama yangu, kwani wazee wetu hawakuwahi kuachana. Walizikana, walichangiana harusi, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba watoto wao walikuwa hawajaongea miaka yote ile. Nilikwenda. Gongo la Mboto imebadilika, barabara imepanuliwa kwa ajili ya mwendokasi, treni ya umeme inapita upande wa Pugu, lakini baraza lilikuwa lile lile. Alikuwa amekaa kwenye mkeka katikati ya wanawake, amekuwa mtu mzima, ana mtoto mapajani. Niliinama nikamkumbatia. Alinikumbatia pia. Nikasema, "Pole sana," akasema, "Ahsante, tumeshapoa. Karibu." Kisha akamgeukia aliyekuwa nyuma yangu kwenye mstari, akamkumbatia kwa muda ule ule, akamwambia maneno yale yale.

Hapo ndipo nilipojua kwamba umekwisha. Kukasirikiwa kungekuwa nafuu. Hasira ina kumbukumbu ndani yake. Nilikaa na wanawake wengine, tukapika, tukaosha vyombo, na jioni nikapanda gari kurudi nyumbani. Picha zote mbili ninazo mimi.

Watu huniuliza, nikiwasimulia, kwa nini sikumtafuta zaidi, kwa nini siku ile ya msiba sikumvuta pembeni. Wanaouliza hivyo wana nia njema, lakini mfiwa havutwi pembeni kwa mambo ya mtu mwingine. Na yeye ana haki ya kutonihitaji. Nimejifunza kuiheshimu haki hiyo bila kujidanganya kwamba hainiumi. Inauma. Nimeolewa, nina watoto, nina wanawake ninaowaita marafiki na ambao wangeniamkia usiku wa manane. Hakuna aliyeziba pengo lile, kwa sababu hakuna kati yao aliyenijua nikiwa na miaka 14 na sketi iliyoshonwa upya pindo mara mbili.

Kwa hiyo nina ombi kwa wazazi wenzangu. Matokeo ya kidato cha nne siku hizi hutoka Januari. Ukishamuuliza mwanao amepata daraja gani, muulize na rafiki yake amepata nini, kisha nyamaza umsikilize anavyojibu. Usimtaje mwenzake kwa sifa wala kwa lawama siku hiyo. Ikiwa mmoja amepita na mwingine amebaki, chukua kanga yako, mfuate mzazi mwenzio, mkae, mzungumze ninyi wawili namna ya kuwavusha wote wawili. Na ikiwa mmechelewa, ukamkuta mtoto wako amejifungia chumbani analia kwa ajili ya rafiki aliyeondoka, ingia, kaa naye, mpe pole. Usimwambie ni mambo ya watoto.